Kungoja Picha

Mwalimu wa kijijini hafundishi darasani tu. Atake asitake, yeye ndiye msomaji wa barua za watu, mwandishi wa majibu yake, na mfasiri wa kila karatasi yenye muhuri. Hapa Sangailu, kusini mwa Kaunti ya Garissa, ambapo nyika ya ng'ombe inakaribiana na msitu wa Boni, kazi hiyo ya pili hunichukua jioni nyingi kuliko kusahihisha madaftari. Na katika karatasi zote ninazoletewa, zinazonitia simanzi kuliko nyingine ni kadi ndogo za hospitali. Hazina maneno mengi. Zina jina la mgonjwa, jina la kipimo anachotakiwa kufanyiwa, na tarehe ya kurudi.

Mtu wa mjini akipewa tarehe huitia katika simu yake, basi. Mfugaji hutaka kuijua kwa namna nyingine. Watu wetu huugawa mwaka katika majira manne: gu, mvua kubwa zinazoanza mwezi wa Aprili, hagaa, majira ya upepo na baridi kidogo, deyr, mvua za vuli zinazoanza Oktoba, na jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. Kwa hiyo nisomapo, mathalani, "tarehe 14 Novemba," naulizwa mara moja: "Mwalimu, hiyo ni katikati ya deyr. Ng'ombe watakuwa wapi? Na gari litapita?" Swali hilo si la mjinga. Ardhi yetu sehemu kubwa ni udongo mweusi, ambao ukinywa mvua hushika gurudumu la lori kama gundi, na safari ya kwenda Masalani au Garissa hukatika. Katika mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023 hata barabara kuu ya lami itokayo Nairobi ilifunikwa na maji karibu na mji wa Garissa, watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Karani aandikaye tarehe mezani pake hakusudii ubaya. Ila siku aliyoichagua yamkini haina njia.

Nitaeleza habari ya mama mmoja, muuza maziwa wa kijiji cha jirani. Jina lake sitalitaja, wala sitazitaja hospitali alizozipitia, kwa kuwa habari yake ni ya watu wengi, na lawama ya jambo hili haiishi katika nyumba moja.

Mama huyu alishikwa na maumivu ya tumbo chini ya mbavu za kuume, yakawa yanakuja na kuondoka kwa muda wa miezi miwili. Alikwenda zahanati. Hapo palikuwa na mwuguzi mmoja, kijana mpole, ambaye siku hiyo hiyo alikuwa pia mkunga, mgawaji wa dawa, mchanjaji wa watoto, na mshika ufunguo wa stoo. Akampapasa tumbo, akamwambia maneno ya kweli: "Mama, mimi nina mikono tu. Jambo hili linataka jicho la kuona ndani." Akamwandikia karatasi. Katika hospitali ya pili tabibu aliyempokea alikuwa na maoni yale yale, akamwandikia karatasi nyingine, aende hospitali kubwa zaidi apigwe picha.

Aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli. Alipofika aliikuta mashine safi, imefunikwa kitambaa cheupe. Msomaji atadhani kwamba ilikuwa imeharibika. La, ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mtu. Mtaalamu wa kuiendesha alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekwenda kumzika mzazi wake. Na hata angalikuwapo, daktari wa kuzisoma picha alikuwa akija kwa zamu kutoka mji mwingine. Mama akapewa kadi, akarudi nyumbani. Kadi hiyo niliisoma mimi. Ilikuwa na wiki 11 mbele yake.

Wiki 11 ni kitu gani? Kwa mtu mwenye afya ni muhula wa shule. Kwa mtu mwenye uvimbe asioujua ni jambo jingine kabisa. Dada yake mama huyu alikuwa amekufa kwa saratani, na katika kimya cha kungoja yeye naye aliamini kwamba zamu yake imewadia. Akaanza kujitengeneza kama mtu afungaye safari. Alilipa madeni yake yote. Aliwapeleka mitamba watatu kwenye soko la mifugo la Garissa, wauzwe ili wanawe wasije wakagombania urithi. Kisha akamtoa shuleni binti yake wa kidato cha pili, amfundishe biashara ya maziwa wakati mwenyewe angali na nguvu za kufundisha. Tulikwenda, mimi na mwalimu mkuu, kumsihi amrudishe msichana. Alitusikiliza kwa adabu, akatupa chai, akasema, "Walimu wangu, nyinyi mnajua ni nini kilichomo tumboni mwangu?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Siku iliyoandikwa ilipofika mvua ilikuwa imefunga njia. Akapewa tarehe ya pili. Picha ilipopigwa mwishowe, na kusomwa, ilionekana kuwa ana vijiwe katika mfuko wa nyongo, ugonjwa unaojulikana sana na kuondolewa kwa upasuaji wa kawaida. Saratani haikuwamo. Alicheka, na papo hapo akalia. Lakini mitamba walikuwa wamekwisha kupanda lori, na msichana alikuwa amepoteza muhula mzima na sehemu ya mwingine. Hasara yote hiyo haikuletwa na vijiwe. Ililetwa na kutojua.

Sasa yafaa kijana msomaji ajue mashine hizi ni kitu gani, maana watu wengi huzizungumza kama wanavyowazungumza majini. Tarehe 8 Novemba 1895, huko Würzburg katika Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua miali isiyoonekana kwa macho ambayo hupenya nyama na kuzuiwa na mifupa. Mojawapo ya picha zake za mwanzo ni ya mkono wa mkewe, pete ikionekana kidoleni. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, iliyokuwa ya kwanza kutolewa. Hiyo ndiyo eksirei. Kasoro yake ni kwamba huonyesha vitu vilivyopangana kana kwamba vyote viko mahali pamoja, kama mtu alitazamaye kundi la ng'ombe linalomjia katika vumbi la jioni: anamwona wa mbele, lakini walio nyuma yake hawezi kuwahesabu. Mashine ya skani iliondoa kasoro hiyo. Huupitisha mwili miali kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hukokotoa hesabu na kutoa picha za vipande vyembamba, kana kwamba tikiti limekatwa pasipo kisu. Altrasaundi haina miali hiyo kabisa. Hutumia sauti kali isiyosikika kwa sikio la binadamu, ambayo hugonga viungo na kurudi. Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliitangaza njia hiyo katika utabibu mwaka 1958, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila mwanamke mjamzito apimwe kwa altrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Nawaomba wasomaji walitie moyoni shauri hilo, kisha wafikiri ni akina mama wangapi wa nyika wanaojifungua pasipo kuiona mashine hiyo.

Kuna kisa katika historia ya skani ambacho hunipendeza sana. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924, akawa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1955 mtaalamu wa fizikia wa Hospitali ya Groote Schuur aliacha kazi. Sheria ya nchi ilitaka pawepo mtu wa elimu hiyo wa kusimamia matumizi ya vitu vyenye miali, na katika mji mzima hapakuwa na mwingine wa kufaa ila Cormack. Basi akaombwa aishike nafasi hiyo siku moja na nusu kila wiki, naye akafanya hivyo katika nusu ya kwanza ya mwaka 1956. Alipokaa katika kiti kile cha kuazima akaona jinsi madaktari walivyokadiria miali kwa kubahatisha, akajiuliza kama hesabu haiwezi kuonyesha kilichomo ndani ya mwili. Aliyachapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, na watu karibu wote wakayapuuza. Katika Uingereza, Godfrey Hounsfield, mhandisi ambaye hakuwa na shahada ya chuo kikuu, aliifikia njia hiyo kwa juhudi zake mwenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipigwa skani ya kichwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 wote wawili waligawana Tuzo ya Nobel ya utabibu. Kwa hiyo mashine hii, ambayo leo hukaa chini ya kitambaa kwa kukosa mtu, mizizi yake mmoja ulichipuka mahali palipokosa mtu, na aliyeliziba pengo lile alitoka darasani.

Nchi yetu haikukaa bila kutenda. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilifanya mapatano ya kukodi vyombo vya hospitali kwa kaunti zote 47. Hospitali 98 zilikusudiwa kupata vyombo vya upasuaji, vya kutakasia vifaa, vya kusafisha damu ya wenye figo mbovu, vya wagonjwa mahututi, na vya picha. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Fatuma Dullo iliyachunguza mapatano hayo, na katika taarifa yake ya mwaka 2020 ilieleza, pamoja na mengine mengi juu ya fedha, kwamba baadhi ya mashine zilikuwa zimekaa bure kwa kukosa umeme, maji, vyumba, au watu wa kuziendesha. Mimi sishangai. Mashine hupokewa kwa ngoma na hotuba, na mgeni wa heshima hukata utepe. Sijapata kuona utepe ukikatwa mbele ya nyumba ya mpiga picha wa hospitali, yenye mlango imara na tangi la maji, ingawa pasipo nyumba hiyo mashine ni sanduku.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2016 kwamba nchi inahitaji madaktari, wauguzi na wakunga wapatao 44.5 kwa kila watu 10,000 ili iwe na huduma ya kutosha. Kenya haijafika hapo, na kaunti za kaskazini mashariki ziko nyuma ya wastani wa Kenya. Sababu moja inajulikana na kila mtoto wa hapa. Tarehe 22 Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika basi lililokuwa likitoka Mandera, na miongoni mwao walikuwamo walimu wengi waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hii yetu, na baada yake walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Madaktari nao wana roho kama walimu. Mwaka 2018 Kenya iliwaleta madaktari 100 kutoka Cuba wasaidie katika kaunti. Wawili kati yao walitekwa nyara Mandera tarehe 12 Aprili 2019, wakiwa njiani kwenda kazini. Simlaumu mtu aliyeondoka baada ya mambo hayo. Ila waliobaki ni wafugaji na wagonjwa, ambao hawana uhamisho wa kuomba.

Lakini kusema kwamba hofu peke yake ndiyo iliyotukosesha wauguzi si kweli, na napenda wanafunzi wangu wajihadhari na jibu lililo jepesi mno. Madaktari wa Kenya waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi wakagoma muda wa miezi mitano katika mwaka 2017. Na mwaka 2024 madaktari wakagoma tena siku 56. Kila mara neno kubwa lilikuwa lile lile, mapatano yasiyotimizwa. Walimu nasi tumewahi kugoma, kwa hiyo sitawatupia mawe. Ajabu ni kwamba wakati huo huo walikuwapo wauguzi waliohitimu wakakaa nyumbani bila ajira, hata Julai 2021 Kenya na Uingereza zikatia saini mapatano ya kuwapeleka huko kufanya kazi. Nao Waingereza wana upungufu wao. Kanuni yao ni kwamba wagonjwa wasiozidi 1 katika 100 wangoje zaidi ya wiki 6 kwa kipimo kama cha skani, na kwa miaka mingi sasa kanuni hiyo haikutimizwa. Kwa hiyo mgonjwa wa London na mgonjwa wa nyika ya Garissa wako katika foleni moja ndefu, ila mmoja yuko karibu zaidi na dirisha, tena ana fedha za kumwita mwuguzi wa mwenziwe.

Yule mwuguzi kijana wa zahanati alinijia siku moja baada ya Magharibi na barua aliyoiandika kwa Kiingereza. Mkataba wake wa kazi ulikuwa unakwisha, na hakuwa na uhakika wa mwingine. Alikuwa akiomba kazi ng'ambo, akataka niitazame lugha yake. Nilikaa na barua ile karibu saa nzima. Niliirekebisha vizuri, sikuacha kosa hata moja, maana riziki ya mtu ni haki yake, na mama yake mzazi naye anakula. Aliondoka mwezi wa tatu baadaye. Kwa muda wa siku 40 mlango wa zahanati ulikuwa na kufuli, na watoto wa kuchanjwa walibebwa kwa pikipiki hadi kijiji kingine.

Wazee wetu wanalikumbuka somo kali zaidi juu ya kungoja majibu. Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mafuriko, mifugo ilianza kuharibu mimba na watu wakafa kwa homa pamoja na kutokwa damu, hapa Ijara na huko Garissa. Mimi nilikuwa mwanafunzi. Damu ya wagonjwa ilipelekwa Nairobi, na mwezi wa Desemba jibu likapatikana: Homa ya Bonde la Ufa. Hadi Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684 na vifo 155. Masoko ya mifugo yalifungwa, nasi tuliozaliwa juu ya maziwa na nyama tukaogopa vyote viwili. Ninayoyakumbuka kuliko yote ni maneno ya kila baraza la jioni kabla ya jibu kufika. Kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa, na kila jina lilikuwa na dawa yake, na nyingine za dawa hizo ziliua.

Foleni ya picha, kwa jinsi niionavyo mimi, haianzi penye mlango wa hospitali. Huanza darasani. Kijana atakaye kusomea kazi ya upigaji picha wa hospitali katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, ambacho kina tawi hata mjini Garissa, lazima awe amefanya vizuri katika masomo ya sayansi. Mwalimu wa fizikia aliyehamishwa mwaka 2020 alichukua pamoja naye wapiga picha ambao wangalikuwa kazini miaka kumi baadaye. Na kijana wa hapa ndiye atakayevumilia kukaa hapa, kwa kuwa mama yake yupo, lugha anaijua, na neno jilaal hahitaji kufasiriwa. Si wote watakaokaa. Wengine watakwenda Nairobi au Leeds, na hawakatazwi. Lakini katika kumi, wakikaa watatu, mashine itafunuliwa.

Nilisomea ualimu wa hesabu na fizikia chuoni, na vyombo vya shule ninayofundisha si vingi. Muhula uliopita tulijifunza mwangwi nje. Mwanafunzi mmoja alisimama mbali na ukuta mrefu wa ghala, akagonga vipande viwili vya mbao, mwingine akapima muda kwa saa ya simu, na darasa likatafuta umbali kwa hesabu. Mara ya kwanza tulikosea kwa mita 60. Mara ya nne tulikosea kwa mita 9. Msichana mmoja aliuliza ikiwa sauti ndogo zaidi ingeweza kupima kitu kidogo zaidi, kama kijiwe. Nikamwambia sauti iwe kali zaidi, si ndogo, nikamchorea mawimbi mchangani mpaka kengele ikalia. Hakuondoka. Alitaka kujua mawimbi mangapi kwa sekunde.